Ulimi wa Kukodi

Nchi ninayoisimulia ipo, wala haiko mbali, lakini ukiitafuta ukaipata usiseme ni mimi niliyekuelekeza. Ni nchi njema. Ina mlima, ina mto, ina bunge lenye viyoyozi, na ina raia watulivu wanaopanga foleni hata pasipo na kitu mbele, kwa sababu huwezi kujua.

Ina udhaifu mmoja tu. Wananchi wake hawawezi kukataa jambo lililosemwa kwa lafudhi ya kigeni.

Udhaifu huu uligundulika siku alipokuja bwana mmoja kutoka nchi za Mbali, akapewa nafasi ya kuhutubia bunge. Alitusalimu kwa lugha yetu. Salamu yenyewe aliivunja vipande vipande, na kila kipande akakitolea puani. Waheshimiwa walisisimka mpaka viti vikalia. Kisha akaeleza kwamba amekuja kutuuzia kivuli cha mlima wetu, kile cha asubuhi, na kwamba tukiwa wepesi wa kuamua, cha jioni atatupa bure. Hoja ilipita kwa kishindo. Mbunge mmoja mtu mzima alifuta machozi akasema, "Sikuelewa hata neno moja, lakini moyo wangu umeelewa yote."

Serikali nyingine ingejiuliza kwa nini imenunua kivuli. Serikali yetu, kwa busara zake, ilijiuliza swali bora zaidi: ikiwa maneno ya mgeni hayakataliwi, kwa nini viongozi waendelee kuongea kama watu waliowachagua?

Ndipo ikaundwa Wizara ya Ulimi na Ladha. Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Daktari Malimbwi, ambaye udaktari wake alitunukiwa na chuo fulani ambacho pia ni hoteli. Alipoapishwa alitangaza kwamba lafudhi ni uchumi, lafudhi ni ulinzi, na lafudhi ni maji safi kwa wote. Watu wakashangilia, maana tayari alikuwa anaongea kama amebanwa na mlango.

Mambo yakaanza kwenda. Wasomaji wa habari walilazwa karibu na barafu ili waamke na mafua. Muuza dagaa wa soko la chini alianza kunadi kwa sauti ya rubani, akiwatakia wateja safari njema, na dagaa wakapanda bei. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, aliyekuwa amekataliwa na binti wa watu mara kwa mara, alirudi akiongea kama mwenye kiazi cha moto mdomoni, akakubaliwa kabla hajamaliza kubisha hodi. Walipooana kiazi kikapoa, na mpaka leo wako kwa balozi wa nyumba kumi wakisuluhishwa.

Kisha ikaja sheria. Ndimi zote nchini ziligawanywa katika madaraja. Lafudhi za nchi za Mbali zikaitwa Tamu, bila mtihani. Lafudhi yetu wenyewe ikaitwa ya Kuvumilika. Na lafudhi ya jirani zetu wa ng'ambo ya mto, watu tunaoazimana nao chumvi, ikaitwa Chungu. Raia mmoja mbishi aliuliza kwa nini hao nao wasihesabiwe kuwa wageni. Wizara ilimjibu kwamba ugeni hupimwa kwa nauli. Anayekuja kwa ndege ni mgeni. Anayekuja kwa mtumbwi ni mtu aliyepotea njia.

Mwenye ulimi mchungu alikatazwa kusema katika hafla yoyote yenye viti vya kupanga. Ikibidi asikike, Wizara ingempelekea Ulimi wa Kukodi, yaani mtu mwenye cheti, amsemee.

Mimi wakati huo niliajiriwa Wizarani kama Mvuta Pazia. Ni kazi ya heshima, na nitaieleza pazia litakapofika.

*

Mama Sikudhani alikuwa jirani yangu, ukuta mmoja. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule. Aliolewa kwetu akitokea ng'ambo ya mto, angali msichana. Akazaa, akafiwa na mume, akasomesha, akazeeka kidogo, lakini ulimi wake haukuwahi kuvuka mto. Kila neno alilivuta mwishoni, kama mtu anayemvuta mbuzi asiyetaka kwenda. Hakusema "karibu", alisema "karibuuu", na ukishaambiwa hivyo hukuwa na ujanja, unaingia. Watoto wa mtaa walikuwa wakimwigiza njiani. Sisi watu wazima tuliwachapa, kisha tukaingia ndani kumwigiza vizuri zaidi.

Binti yake wa pekee, Sikudhani, alikuwa karani wa benki, na alikuwa amechumbiwa na kijana wa mjini aitwaye Chande. Sasa kwetu harusi haikamiliki kwa mahari wala kwa pilau. Siku ya kumchukua bibi harusi, yeye huketi sebuleni amejifunika, mbele ya wakwe. Mama yake husimama nyuma ya pazia la mlango wa ndani, ili asionekane akilia. Humwita mwanawe kwa jina, kisha humwambia: "Nenda mwanangu, mlango huu haufungwi." Neno hilo lisiposemwa, bibi harusi hanyanyuki. Amewahi kutokea mmoja aliyekaa pale mpaka pilau likachacha, kwa sababu mama yake alikuwa amenuna.

Na hafla hiyo, kwa bahati mbaya, ina viti vya kupanga.

"Mama, tukodi tu," nilimsikia Sikudhani akisema siku moja. Kuta zetu ni nyembamba, sikuwa nikisikiliza. "Watakuja wakubwa wa benki. Watakuja shangazi zake Chande. Unawajua watu wanavyocheka."

Cherehani ikanyamaza. "Wamekucheka weweee?"

"Tangu darasa la kwanza, mama. Kila ulipoleta chakula shuleni."

"Na wewe ukawaambia niniii?"

"Niliwaambia wewe ni dada wa kazi," alisema.

Nikaondoa sikio langu ukutani, nikalirudisha.

"Siku ninakuzaa, wakunga walikwisha kukata tamaa," alisema Mama Sikudhani. "Nilikuita jina lako kwa ulimi huu huu, ukalia. Hakuna aliyeniazima mwingineee. Nitakwenda Wizarani nitafute cheti, na neno la mlangoni nitalisema mwenyeweee."

Cherehani ikaanza tena, kwa hasira.

*

Sasa pazia. Mtihani wa Wizara ulifanyika kwenye ukumbi. Mtahiniwa alisimama nyuma ya pazia, akasoma kwa sauti Kanuni za Kufuga Mbwa Mjini. Mbele ya pazia walikaa waamuzi, Mheshimiwa Malimbwi na Bi Zamoyoni, wamefumba macho. Mimi nilivuta kamba mtahiniwa alipoingia na alipotoka.

Siku za mwanzo waamuzi walisikiliza hivi hivi, yakatokea ya kutokea. Mpishi wa hospitali alipewa Tamu, na balozi wa nchi moja kubwa akapewa Chungu. Ikabidi balozi aombwe radhi kwa kupewa kisiwa. Tangu hapo ikaamriwa kwamba juu ya pazia itundikwe kadi inayosema mtu ametoka wapi, waamuzi waisome kabla ya kufumba macho, ili masikio yapate mwongozo.

Siku aliyokuja Mama Sikudhani, Wizara ilikuwa imemwalika Daktari Brunkel, mtaalamu kutoka Mbali, asome zile kanuni kama mfano wa utamu. Ndiye mgeni rasmi. Na nchi yetu ina desturi mbili juu ya mgeni rasmi, zote za zamani kuliko nchi yenyewe. Ya kwanza, mgeni rasmi huandikwa wa kwanza. Ya pili, mgeni rasmi hufika wa mwisho. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba siku moja desturi hizi zitakutana.

Kadi zilipangwa kwa kufuata ratiba. Watu walipangwa kwa kufuata walivyofika. Mama Sikudhani alifika alfajiri, amebeba kiti chake. Ilipofika saa mbili akaingia nyuma ya pazia, na juu yake ikashushwa kadi ya kwanza: MGENI RASMI, KUTOKA MBALI. Mimi niliiona. Lakini kadi zilikuwa chini ya idara nyingine, na mtu huwezi kuingilia idara ya mwenzako.

"Mbwa yeyote atakayeonekana mjini bila mkandaaa," alisoma Mama Sikudhani, "mwenyewe atatozwa fainiii."

Bi Zamoyoni alishika kifua. Mheshimiwa Malimbwi machozi yalimtoka yakaingia kwenye tai.

"Mwasikia anavyoliachia neno taratibu?" alinong'ona. "Huo ni ustaarabu wa karne nyingi. Alipofika kwenye faini, nilitamani niwe na mbwa."

"Mimi nimesikia harufu ya theluji," alisema Bi Zamoyoni, ambaye hajawahi kuvuka mto.

Wakampa Tamu, wakaongeza Sana kwa kalamu.

Watahiniwa wengine wakapita, kila mmoja chini ya kadi ya mwenzake, na hakuna aliyelalamika. Saa nane mchana ndipo Daktari Brunkel alipoletwa, ametoka kulishwa biriani na Wizara nyingine. Kadi iliyobaki ilikuwa moja: FUNDI CHEREHANI, NG'AMBO YA MTO. Alisoma aya mbili za mbwa kwa lafudhi safi kabisa ya Mbali, ile ile iliyotuuzia kivuli.

Mheshimiwa Malimbwi alikunja uso kana kwamba ametafuna ndimu. "Inatoka puani! Hawa wavuka mto kwani hawapengi makamasi?"

"Masikini," alisema Bi Zamoyoni. "Hata mbwa anaona aibu."

Wakampa Chungu, na kwa huruma wakaagiza apelekwe Kliniki ya Ndimi akasukutue maji ya chumvi mpaka atakapopata nafuu. Daktari Brunkel, mtu muungwana, alidhani ndiyo desturi yetu ya kumkaribisha mgeni. Alishukuru sana, akaenda akasukutua.

*

Kosa liligunduliwa jioni ile ile, dereva alipokuja kumchukua mtaalamu na kupewa fundi cherehani. Mheshimiwa Malimbwi alijifungia ofisini. Alipotoka uso wake ulikuwa umetulia.

"Serikali haikosei," alituambia. "Ikikosea, kosa hilo ndilo sahihi jipya. Mimi nililia mbele ya mashahidi. Machozi ya waziri ni nyaraka za serikali, hayafutwi."

Kesho yake lafudhi ya Mama Sikudhani ikatangazwa kuwa Lafudhi ya Kwanza ya Taifa. Hawakusema ni ya wapi. Walisema imegunduliwa. Daktari Brunkel akaachwa kliniki, kwa kuwa kumtoa kungekuwa kukiri kosa.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nchi nzima ikaanza kuvuta maneno. Taarifa ya habari ya nusu saa ikahitaji saa nzima, na mechi ya mpira ikawa inamalizika uwanjani wakati mtangazaji bado yuko kipindi cha kwanza. Wabunge walivuta "ndiyooo" mpaka wengine wakalala katikati ya kura yao. Na watoto wa mtaani kwetu, waliokuwa wakichapwa kwa kumwigiza Mama Sikudhani, sasa wakawa wanachapwa kwa kushindwa kumwigiza.

Yeye mwenyewe alivaa kitenge kipya akaenda Wizarani kuchukua kibali chake cha neno la mlangoni. Nilikuwepo, nashikilia pazia la dirisha ili jua lisimpate waziri.

"Kibali?" Mheshimiwa Malimbwi alicheka kwa mapenzi. "Mamaaa, wewe sasa ni mali ya taifaaa."

"Mheshimiwa, mbona unaniigizaaa?"

"Sikuigizi, nakuenziii. Ndiyo maana siwezi kukuruhusu. Ulimi huu umekwisha kupangwa. Asubuhi utasoma tangazo la sabuni, mchana utapokea marais. Tukiacha uropokwe bure kwenye sherehe za mitaani, utachuja. Kwani umewahi kuona bendera ya taifa inafutiwa vyombo?"

"Mwanzoni mlinikataza kwa kuwa mchunguuu. Sasa mnanikataza kwa kuwa mtamuuu?"

"Umeona jinsi serikali inavyokujaliii!"

Mama Sikudhani alimtazama kwa muda. Niliwahi kumwona akiitazama hivyo nguo iliyokatwa vibaya, ambayo aliyeikata bado anaisifia.

"Lakini hatukutupi," aliendelea waziri. "Siku ya harusi tutakuletea Ulimi wa Kukodi, bure, kijana wetu bora kabisa. Amemaliza kliniki wiki hii kwa alama za juu. Anavuta maneno kama wewe, huwezi kumtofautisha."

Akabonyeza kengele. Akaingia Daktari Brunkel, amekonda kidogo kwa chumvi.

"Shikamoo mamaaa," alisema.

Naapa alikuwa hodari. Ungefumba macho ungedhani ni yeye.

*

Siku moja kabla ya harusi, adhuhuri, nilikuwa nimejiegemeza ukutani kwa sababu ya uchovu, nikamsikia Sikudhani amerudi mapema kutoka benki.

"Mama, mimi sitaki tena ulimi wa kukodi."

"Si ndivyo ulivyotakaaa?"

"Nilitaka. Leo meneja kaniita, 'Sikudhaniii'. Mlinzi kaniita hivyo hivyo. Wateja nao. Kila mtu ananiita kama unavyoniita wewe, na hakuna hata mmoja anayeniita. Nilikuonea aibu, mama. Niliwaambia wewe ni dada wa kazi. Nisamehe."

"Nilijuaaa. Mwalimu wako aliniuliza kama ninaweza kufua na kwakeee."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamfulia. Ada ilikuwa haijatimiaaa."

Baada ya hapo sikusikia maneno, nilisikia watu wawili wakilia. Na mimi nililia, nasema wazi, ingawa ukuta ulikuwa wa watu.

*

Siku yenyewe nyumba ilijaa mpaka uani. Sikudhani aliketi sebuleni, amejifunika mtandio mwekundu, Chande na shangazi zake wamemzunguka. Wizara ilimleta Bwana Tegemeo, Afisa Ladha, asimamie sheria, na ikanileta mimi na kamba yangu, kwa kuwa penye pazia pana wajibu. Nilikaa kwenye kizingiti. Upande mmoja niliwaona wageni, upande wa pili niliwaona Mama Sikudhani na Daktari Brunkel, wamesimama bega kwa bega.

"Ulimi wa Kukodi ufanye kaziii," aliamuru Bwana Tegemeo kutoka sebuleni. "Mama mzazi anyamazeee."

Daktari Brunkel alivuta pumzi, akafungua mdomo. Akamtazama Mama Sikudhani. Mama Sikudhani alikuwa ameshika pembe ya kitenge chake kwa mikono yote miwili, machozi yanamtiririka, lakini hakumwomba kitu. Yule bwana akafunga mdomo. Kwenye meza palikuwa na sahani ya halua. Akamega bonge, akalitia lote mdomoni, akaanza kulitafuna kwa utulivu mkubwa. Mtu mwenye halua mdomoni hana lafudhi.

"Sikudhaniii," iliita sauti.

Chini ya mtandio, bibi harusi alishtuka.

"Nendaaa mwanangu. Mlango huu haufungwiii."

Vigelegele vilipasuka. Lakini Bwana Tegemeo alikuwa amekwisha kusimama, mkono juu. "Simamisheni! Nani amesemaaa? Kama ni mama mzazi, neno limesemwa kwa mali ya taifa bila kibali. Ndoa haipooo!"

Chande alimshika mchumba wake mkono.

"Fungua pazia," Bwana Tegemeo aliniamuru.

Nikavuta kamba. Ninavuta mapazia kwa riziki yangu, na kamba haijawahi kunikatalia. Siku hiyo ilikataa. Niliivuta kwa nguvu zote za mtu asiyetaka kitu kifunguke.

"Imekwama, mkuu. Labda uvute mwenyewe."

Bwana Tegemeo alirudi nyuma hatua moja. Afisa wa cheo chake haruhusiwi kushika pazia, na mashahidi walikuwa wengi. Akaniinamia. "Wewe umekaa hapo, masikio yako yamepitia mitihani yote ya Wizara. Niambie, ni mama au ni wa kukodiii?"

Niliwatazama wote wawili nyuma ya pazia. Mmoja alikuwa anafuta machozi, mwingine anajilamba vidole.

"Mkuu," nikasema, "bila kadi nitajuaje?"

Alinitazama akitafuta dharau, hakuiona, maana nilikuwa nimesema sera ya Wizara neno kwa neno. Akafikiri. Kisha uso ukamkunjuka, akatoa kadi mfukoni, akaandika ULIMI WA KUKODI, akaitundika kwa pini kwenye mbao ya mlango, juu ya pazia. Akarudi nyuma, akaisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa nimesikia vizuri," alisema. "Endeleeni."

Kwa desturi yetu bibi harusi akishaitwa hutoka kwa mlango wa mbele na haangalii nyuma. Sikudhani aliinuka. Akaupa mgongo mlango wa mbele, akapita chini ya kadi bila kuisoma, akaingia nyuma ya pazia kwa mama yake.